Siku ya Mazingira na Giza Tatu za Ziwa Tanganyika

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni, mwaka 2024, ulikuwa usiku wa giza tupu katika Ziwa Tanganyika. Mwezi wa zamani ulikuwa umekwisha kufa, na mpya ulikuwa haujaandama. Kila mtu wa Kigoma ajua maana ya usiku wa namna hiyo. Ndio usiku wa dagaa. Katika giza kama lile taa za wavuvi hujipanga juu ya maji toka Kibirizi hata Ujiji, na kushuka kusini mbali macho yanapofika, hivi kwamba mgeni atazamaye toka mlimani huweza kudhani kwamba mji mwingine umejengwa ziwani. Lakini usiku ule taa hazikutakiwa kuwako. Ziwa lilikuwa limefungwa.

Tangu tarehe 15 Mei Serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana na kukua. Burundi, Kongo na Zambia, nchi tatu zinazogawana ziwa hilo na sisi, zilikuwa katika mapatano yaleyale.

Na mchana wake, tarehe 5 Juni, ilikuwa Siku ya Mazingira Duniani. Basi siku hiyo yalikutana mambo mawili: sikukuu ya mazingira inayofanywa kwa hotuba, na mazingira yenyewe yakidai malipo kwa mtu ambaye mtumbwi wake umegeuzwa juu chini mchangani. Jambo hilo ndilo tutakalo kulifikiri leo pamoja na wasomaji wetu, walio Kigoma na walio mbali na Kigoma. Maana dagaa wa Kigoma huliwa Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, katika nyumba nyingi za watu ambao hawajapata kuliona ziwa lenyewe hata mara moja.

SIKU ILIYOTOKA MBALI

Watoto wa shule wapenda kuuliza kwa nini ikawa tarehe 5 Juni, wala si tarehe nyingine. Swali lao ni jema, nasi wakubwa mara nyingi hatuna jibu.

Katika miaka ya 1960 nchi za viwanda zilianza kuonja matunda machungu ya utajiri wao. Mito iliyokuwa ya kuogelea iligeuka mifereji ya uchafu. Moshi ulitanda juu ya miji. Dawa zilizopuliziwa wadudu mashambani zilionekana kuwaua na ndege. Ndipo Uswidi, nchi ya kaskazini kabisa ya Ulaya, ikauomba Umoja wa Mataifa uitishe mkutano. Wajumbe wakakutanika Stockholm tangu tarehe 5 hata tarehe 16 Juni, 1972. Ulikuwa mkutano mkubwa wa kwanza wa mataifa juu ya mazingira ya binadamu. Bibi Indira Gandhi, Waziri Mkuu wa India wakati ule, alikuwako, naye aliwaambia wakubwa wenzake jambo ambalo hawakulizoea: kwamba haiwezekani kuzungumza na mtu maskini juu ya kutunza mito na misitu bila kuugusa umaskini wake. Neno hilo tulishike, maana tutalirudia tukifika Kibirizi.

Mwishoni mwa mwaka uleule, tarehe 15 Desemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikata shauri kwamba siku ya kufunguliwa mkutano ule, yaani 5 Juni, iwe Siku ya Mazingira kila mwaka. Siku hiyohiyo liliamua pia kwamba shirika jipya la Umoja wa Mataifa la kuangalia mazingira liwe na makao makuu yake Nairobi. Hilo lilikuwa shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuweka makao makuu yake katika bara letu, na bado liko huko. Sikukuu yenyewe ilianza kufanywa mwaka 1974, na shabaha ya mwaka ule ilikuwa kuwakumbusha watu kwamba dunia tuliyo nayo ni moja tu.

Tangu hapo kila mwaka huchaguliwa jambo moja la kutiliwa mkazo, na nchi moja ya kuwa mwenyeji. Mwaka 2023 mwenyeji alikuwa Kodivaa, na jambo lilikuwa takataka za plastiki. Mwaka 2024 alikuwa Saudi Arabia, na jambo lilikuwa kuirudishia uhai ardhi iliyochoka. Mwaka 2025 alikuwa Korea ya Kusini, na plastiki ikarudi tena, maana ni mgeni asiyeaga.

Kwetu Tanzania siku hii haikubaki maneno matupu, ni haki kulikiri jambo hilo. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira liliundwa mwaka 1983. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo, pamoja na mengi mengine, yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa au mto. Na tangu tarehe 1 Juni, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini. Akina mama wa Ujiji wakarudia vikapu, ambavyo kwa kweli bibi zao hawakuviacha kamwe.

Tena iko tarehe nyingine ya mwezi huohuo ambayo watu wa ziwani wangefaa kuijua kuliko hata tarehe 5. Tarehe 12 Juni, 2003, mjini Dar es Salaam, nchi zote nne za ziwa zilitia sahihi Mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika. Kutokana na mkataba huo ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Tunaitaja kwa sababu bila mkataba ule kufungwa kwa ziwa kungekuwa mchezo wa kitoto. Samaki hana pasipoti. Migebuka anayelala leo upande wa Kigoma aweza kesho kuwa upande wa Kongo, na kama jirani mmoja afunga na mwingine avua, aliyefunga amewafugia wenzake.

JUNI YETU SI JUNI YAO

Sasa twaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo waandaaji wa sherehe pengine hawatalipenda.

Juni ya Stockholm ni mwezi wa majani mabichi. Juni ya Kigoma ni mwanzo wa kiangazi. Mvua zetu huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, na hufika Aprili au mwanzo wa Mei. Baada ya hapo mbingu hufunga, nyasi za milimani hugeuka rangi ya simba, na ardhi huwa ngumu kama tofali. Hata hivyo, kila ifikapo tarehe 5 Juni, sehemu nyingi za nchi, mgeni wa heshima huletewa jembe jipya lenye utepe, huchimbiwa shimo, naye hupanda mche mbele ya wapiga picha. Mche huo ukikosa mtu wa kuumwagilia maji kila jioni kwa miezi minne, utakuwa kuni ya kuwashia moto kabla ya Septemba. Tumekwisha kuona uwanja mmoja ambamo mche umepandwa mwaka hata mwaka katika shimo lilelile. Na baada ya wageni kuondoka, chini ya turubai zilibaki chupa tupu za maji ya plastiki, pamoja na mabango ya kulaani plastiki.

Hatusemi hayo ili kuwadhihaki watu wanaojitahidi. Twasema kwamba sikukuu ya mazingira, kuliko sikukuu nyingine yoyote, yapasa kufuata majira ya mahali inapofanywa. Serikali yetu yenyewe iliitambua hekima hiyo ilipoiweka Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tarehe 1 Aprili, wakati ambapo sehemu kubwa ya nchi ina mvua. Kwa Kigoma hata Aprili ni kuchelewa; mkulima Mha aliyezaliwa huko atakuambia kwamba mti upandwe Novemba au Desemba, upate mvua nzima mbele yake.

Basi Juni ifanyiwe nini? Iko kazi nyingi, nayo haihitaji utepe. Ni wakati wa kukata njia za kuzuia moto kuzunguka misitu na mashamba ya michikichi, maana moto wa kiangazi huko milimani huweza kuteketeza kwa mchana mmoja yaliyooteshwa miaka kumi. Ni wakati wa kuchimba makinga maji kwenye miteremko, kabla mvua hazijaja kuuchukua udongo. Ni wakati wa kuzibua mitaro ya Ujiji na Mwanga, ingali mikavu. Baadaye, karibu na tarehe 1 Septemba, ndipo vitalu vya miche vyafaa kutayarishwa. Siku hiyo ya 1 Septemba, kama wasomaji wengi wajuavyo, ni Siku ya Kuombea Utunzaji wa Viumbe. Ilianzishwa na ndugu zetu Waorthodoksi mwaka 1989, na Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliitia katika kalenda yetu mwaka 2015, miezi michache baada ya waraka wake Laudato Si'. Kwa watu wa Kigoma tarehe hiyo yafuata majira kuliko ile ya Juni: sala ikisemwa asubuhi, mbegu ziingie kitaluni jioni, na baada ya wiki nane au kumi miche iwe tayari kwa mvua.

CHUNGU KIKUBWA NA MWIKO WAKE

Lakini kuna jambo moja katika Ziwa Tanganyika ambalo Juni ndio mwezi wake barabara, nalo halifanywi na mtu.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na zaidi kidogo, na kina chake hufika karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal tu, huko Siberia, linalolishinda kwa kina. Ndani yake mna kama sehemu moja katika sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Limekuwako kwa mamilioni ya miaka, na kwa sababu hiyo mna aina mamia za samaki, nyingi zao haziko mahali pengine popote. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji hayo haina uhai tuujuao. Chini ya mita mia moja au mia mbili hivi hakuna hewa ya samaki kuvuta. Dagaa, migebuka na sangara wote huishi katika tabaka la juu, jembamba kama utando juu ya uji.

Mfano wa uji wafaa. Mpishi akiuacha chungu bila kukoroga, unga hukaa chini, na juu hubaki maji matupu. Ndivyo lilivyo ziwa. Kila kiumbe kifacho hushuka, na rutuba yote hujikusanya chini gizani. Mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo majani ya malisho ya ziwa, huishi juu kwenye mwanga, nayo hulia njaa ya rutuba iliyolala chini. Ni nani akorogaye chungu hicho? Ni upepo. Tangu Mei hata Septemba kusi huvuma kwa nguvu, huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na huko kusini, upande wa Zambia, maji baridi ya chini hupanda yakichukua rutuba yake. Kisha ziwa zima huyumba polepole, kusini na kaskazini, kama maji ndani ya beseni lililosukumwa. Rutuba hulisha mimea, mimea hulisha wadudu wa majini, wadudu hulisha dagaa, dagaa humlisha migebuka, na wote pamoja humlisha mtoto wa Kibirizi. Kwa hiyo ile miezi mitatu ya kufungwa ziwa imo ndani ya majira ambayo Mungu mwenyewe amelishika mwiko.

Hapa ndipo habari ya huzuni ianziapo. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza uchunguzi waliolinganisha vipimo vya joto la ziwa vilivyochukuliwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Waliona kwamba maji ya juu yamezidi kupata joto. Na maji ya joto ni mepesi. Hukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi, na upepo wapata taabu kuyachanganya. Walikadiria kwamba malisho ya ziwa, yaani ile mimea midogo, yalikuwa yamepungua kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Mwaka 2016 wengine walisoma matope ya sakafu ya ziwa, tabaka kwa tabaka, kama mtu asomavyo kitabu kuanzia mwisho. Wakakuta kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katikati ya karne iliyopita.

Msomaji afikiri sana juu ya jambo hilo. Joto hilo halikutoka katika karabai za wavuvi wa Kigoma. Latoka zaidi katika viwanda na magari ya mataifa ambayo watu wao hawajui dagaa ni kitu gani.

Je, yafuata basi kwamba mvuvi hana hatia yoyote? La. Chungu kikipungua uji, wanaokula hawana budi kupunguza upawa, hata kama si wao waliomwaga. Kokoro lililokatazwa bado huburutwa usiku ufukoni, likikomba mayai na vifaranga vya samaki pamoja. Vyandarua vilivyotolewa kuwakinga watoto na malaria vimeshonwa kuwa nyavu. Na toka nchi kavu huja adui mwingine, mwenye rangi nyekundu: udongo. Mlima ukiisha kunyolewa miti, mvua ya kwanza huuvua ngozi yake na kuipeleka ziwani, na tope hulala juu ya mawe ambayo samaki wadogo wa pwani hulamba chakula chao na kuficha watoto wao. Ndiyo sababu shabaha ya mwaka 2024, ardhi, haikuwa kitu cha mbali kwa watu wa ziwani, ingawa ilitangazwa toka jangwa la Uarabuni.

Jirani ya mji wa Kigoma, kaskazini, iko Gombe. Bibi Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba, 2025, alifika hapo mwezi wa Julai, 1960, kuwachungulia sokwe. Miaka thelathini baadaye aliona kwamba msitu wa hifadhi umebaki kisiwa cha kijani, na milima yote ya kando ni mitupu. Mwaka 1994 ikaanzishwa kazi katika vijiji vya jirani, iitwayo TACARE. Wenye kazi hiyo hawakuanza kwa kuwahubiria wanakijiji juu ya sokwe. Walianza kwa kuwauliza wanahitaji nini. Watu wakataja maji, zahanati, shule, shamba litoalo. Miti ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu wenye vijiji waliona faida yake. Twaipenda njia hiyo, nasi twatamani kila mwenye kupanda jukwaani tarehe 5 Juni angekwenda kwanza kuuliza.

UJIJI YAJUA KWAMBA ZIWA HUTEMBEA

Watu husahau upesi. Ziwa halisahau. Siku hizi za karibuni maji yalipanda, yakaingia katika nyumba na mialo ya Kigoma na Ujiji, na huko Bujumbura yakawahamisha watu wengi. Wengi walisema kwamba jambo hilo halijapata kuonekana. Lakini limepata kuonekana, na Ujiji ni shahidi.

Wageni wapelekwao mahali Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871 hushangaa kuona ufuko uko mbali na mnara. Huuliza kama hapo kweli palikuwa mji wa pwani. Naam, palikuwa. Zamani zile maji yalisimama juu kuliko leo, kwa sababu mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji kutokea kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na magugu na matope. Cameron aliuona hali hiyo mwaka 1874. Maji yakaendelea kujaa. Miaka michache baadaye kizibo kikapasuka, na Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyekaa Ujiji akipima maji ya ziwa kwa alama, aliukuta Lukuga ukienda kwa nguvu. Ziwa likaanza kushuka, likashuka mita nyingi kabla ya karne ile kwisha, na ufuko ukakimbia toka mlangoni pa watu. Mapadre wa kwanza wa White Fathers, waliofika Ujiji mwezi wa Januari, 1879, walilikuta likiwa katika mageuzi hayo.

Basi zile mita 60 za sheria si ukorofi wa mabwana wa ofisini. Ni kumbukumbu. Ajengaye juu ya mchanga ulioachwa na ziwa amejenga juu ya kitu cha kuazima, na mwenyewe aweza kurudi kukidai katika maisha ya mjukuu wake.

NANI ALIPE?

Turudi sasa Kibirizi, kama tulivyoahidi, pamoja na lile neno la Bibi Gandhi.

Mvuvi wa dagaa hahesabu mwaka kwa miezi ya kalenda. Huhesabu kwa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa yake haina kazi, maana samaki hatofautishi taa na mwezi. Hapo mvuvi hupumzika, hushona nyavu, hukaa na watoto wake. Hivyo ziwa tangu zamani lilikuwa na pumziko lake kila mwezi, lisiloamriwa na Serikali yoyote. Kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti, 2024, zilipita giza tatu: ya mwanzo wa Juni, ya mwanzo wa Julai na ya mwanzo wa Agosti. Giza tatu maana yake ni mavuno matatu.

Sisi twakubali kwamba kulipumzisha ziwa ni jambo jema, tena ni la lazima. Lakini yafaa kusema wazi kwamba mzigo wake hauwaangukii watu wote sawasawa. Tajiri mwenye mitumbwi mitano na duka mjini aweza kungoja. Vijana wanaovuta nyavu zake hawana mshahara. Hupata fungu la kilichovuliwa, na pasipovuliwa kitu hakuna fungu. Mama anunuaye dagaa mwaloni alfajiri, akawaanika mchangani na kuwauza kwa kopo, hatajwi katika orodha ya wavuvi. Hana mtumbwi wala leseni, wala hakuna amwitaye mkutanoni. Hata hivyo ni yeye atakayesimama mbele ya mwalimu mwezi wa Julai, muhula unapoanza, bila daftari na bila sare za mtoto. Tusishangae sana, basi, tukisikia kwamba usiku fulani mtumbwi usio na taa ulijiiba ziwani. Twaukataa wizi huo. Lakini hakimu mwema huuliza pia mtoto wa mshitakiwa alikula nini.

Katika sheria ya Musa shamba lilipumzishwa mwaka wa saba. Wengi wetu hukumbuka pumziko la ardhi tu. Lakini sheria ile ilitaja katika pumzi moja kwamba yaliyoota yenyewe katika mwaka huo yalikuwa ya maskini. Pumziko la ardhi na chakula cha mnyonge havikutenganishwa.

Kwa hiyo twaona kwamba maandalizi ya ziwa kufungwa hayana budi kuanza mapema, tangu Novemba na Desemba. Vyama vya akiba na mikopo, vya parokia na visivyo vya parokia, vingeweza kufungua fungu la kiangazi, mwanachama akatia kidogo kila giza la mavuno ili apate kidogo kila giza la kufungwa. Mwenye mtumbwi aliyepata neema ya giza sita asione vigumu kuwashika mkono vijana wake katika giza tatu. Wenye duka wasiikuze riba mwezi wa Juni, kwa kuwa wajua kwamba mteja hana pa kwenda. Na familia za Dar es Salaam zinapoona bei ya dagaa wa Kigoma imepanda mwezi wa Julai, zisinung'unike upesi. Nyongeza ile ya bei ni sehemu ndogo ya gharama ambayo wengine wamekwisha kuilipa nzima. Kwa upande wa Serikali za nchi nne, doria iwe moja na adhabu iwe moja pande zote, maana hakuna kinachomvunja moyo mtu mtii kama kukaa ufukoni mwake na kuziona taa za jirani zikiwaka.

Watoto nao wapewe kazi yao tarehe 5 Juni. Wakiwa wamemaliza kufagia, mwalimu awapeleke ufukoni na kuwaonyesha upepo. Awaambie kwamba kusi wanalolisikia masikioni lakoroga chungu kikubwa mbele yao, na kwamba kazi hiyo haionekani. Siku hiyo yatosha kwa somo.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Mwezi wa angani ulikuwa umekwisha kupita nusu, nao ukawa mpevu tarehe 19, ukiangaza maji toka jioni mpaka alfajiri. Ruhusa ilikuwako, giza halikuwako. Wavuaji wa dagaa waliojua kazi yao walikuwa na siku nyingine za kungoja mbele yao, maana giza kamili lilirudi mwanzoni mwa Septemba.